Bobini inaniishia katikati ya mshono: cherehani imechoka au mimi ndiye nakosea?

"Shikamoo fundi. Nashona mapazia na nguo za watoto nyumbani, huu mwezi wa nane. Shida yangu ni uzi wa chini, ule unaozungushiwa bobini, kile kigurudumu kidogo kinachokaa chini ya sindano. Unaisha kimya kimya, nami naendelea kushona. Nikigeuza kitambaa nakuta kipande kizima ni matundu tu, hakuna mshono. Wiki iliyopita nilikuwa napiga mshono wa pambo kwenye pazia la mita mbili na nusu, uzi ukaisha nikiwa nimebakiza kama mita moja. Nimeunga, lakini pale nilipounga panaonekana kama kovu. Halafu zamani bobini moja ilikuwa inatosha mapazia matatu, siku hizi haimalizi hata mawili. Nikijaza bobini naushika uzi kwa vidole, naona ndiyo haraka. Na kama kuna uzi wa rangi nyingine umebaki, najazia juu yake ili nisiutupe. Jirani yangu anasema nikaze skrubu ya kasha la bobini, ile inayobana uzi wa chini. Mwingine anasema cherehani imechoka, ninunue ile inayotoa onyo. Nishike lipi?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina mashaka mawili yaliyofungwa pamoja, na nadhani ndiyo maana ushauri unaopewa unakuvuruga. La kwanza ni kwamba bobini inaisha upesi kuliko zamani. Hilo lina sababu, na umeitaja mwenyewe ukaipita. La pili ni kwamba inaisha bila wewe kujua, tena mahali pabaya. Hilo linampata kila mshonaji, hata mwenye cherehani mpya kabisa, na dawa yake ni mpangilio wa kazi. Kwa jinsi unavyoeleza, cherehani yako haijachoka. Usinunue nyingine kwa sababu hii.

Tuanze na vidole. Kwenye cherehani yako, kati ya kidonge cha uzi na kijiti cha kujazia bobini, kuna kisahani kidogo chenye springi. Uzi ukipita hapo unavutwa kwa nguvu ileile tangu mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho, kwa hiyo unalala umebanana, tabaka juu ya tabaka. Vidole haviwezi kufanya hivyo. Utakaza mwanzo, utalegeza katikati, utakaza tena ukikumbuka. Bobini inaonekana imejaa hadi ukingoni, lakini ndani kuna hewa nyingi kuliko unavyodhani. Chukua moja uliyojaza juzi, uibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ikibonyea kama sponji, umepata jibu lako. Bobini iliyojazwa vizuri ni ngumu, ukucha hauzami.

Ongeza na ule uzi wa zamani unaouacha chini. Kila tabaka la rangi iliyobaki limekalia nafasi ya uzi mpya, na wewe unahesabu bobini kama imejaa rangi unayoitumia. Nakuelewa kutaka kuokoa uzi, lakini hapa huokoi. Ncha ya uzi wa zamani hubaki imelala kati ya matabaka, na uzi mpya ukikaribia kuisha unajikwaa hapo. Mvuto unaruka, na mshono unaonyesha vinundu au unakatika. Uzi uliobaki ufungue, uutumie kupigia bandi au kushonea vifungo kwa mkono. Halafu jaza bobini tupu.

Kuna kosa jingine dogo ambalo hukulitaja, ila nalikuta kwa wengi: kuufunga uzi kwa fundo kwenye kiini cha bobini kabla ya kujaza. Ukifunga, siku uzi unapofika mwisho ncha haitoki, inashikwa, na ule mtikisiko wa ghafla unaweza kupinda sindano. Ipitishe ncha kwenye kitundu cha ubavuni kutokea ndani, ishike kwa nje wakati wa mizunguko michache ya mwanzo, kisha ikate karibu kabisa na bobini. Usijaze pia hadi pomoni. Bobini iliyofura husugua ukuta wa kasha na kugoma kuzunguka. Acha kama milimita moja hadi mbili kutoka ukingoni. Na ujaze kwa mwendo wa wastani. Uzi wa poliesta ukijazwa kwa kasi na kwa mvuto mkubwa hutanuka kidogo, kisha hurudi ukiwa tayari ndani ya mshono, na pazia likaanza kukunjamana baada ya kupigwa pasi.

Sasa hesabu, kwa sababu ukiijua hutakuwa tena mtu wa kubahatisha. Katika mshono wa kawaida wa cherehani, uzi wa juu na wa chini hukutana na kushikana katikati ya unene wa kitambaa. Kwa hiyo katika kila hatua moja ya mshono, uzi wa chini hutembea urefu wa hatua hiyo, hupanda nusu ya unene wa kitambaa, kisha hushuka nusu nyingine. Urefu wa hatua jumlisha unene wa kitambaa, basi. Pazia lako likikunjwa pindo huwa tabaka tatu, tuseme unene wa milimita 1. Ukishona kwa hatua ya milimita 2.5, kila hatua inakula milimita 3.5. Mita moja ina hatua 400, kwa hiyo imekula mita 1.4 za uzi wa chini.

Pazia la urefu wa mita 2.5 na upana wa mita 1.5 lina pande mbili, yaani mita 5, pindo la chini mita 1.5, na mistari miwili ya juu mita 3. Jumla mita 9.5 za mshono, ambazo ni kama mita 13 na nusu za uzi wa bobini. Bobini ya cherehani ya nyumbani iliyojazwa vizuri kwa uzi wa kawaida hubeba kati ya mita 40 na 70, kutegemea ukubwa wake na unene wa uzi. Kwa hiyo yale mapazia matatu ya zamani yalikuwa sawa kabisa, na kushindwa kumaliza mawili ni dalili kwamba unaanza na bobini iliyojaa nusu huku ukidhani imejaa yote. Lakini usichukue tarakimu zangu ukaziamini kuliko zako. Jaza bobini moja kwa kisahani, kisha ivute uzi wote kando ya futi ya kupimia uhesabu mita. Utapoteza uzi wa bobini moja, na hutasahau ulichoona.

Angalia pia kama umebadili uzi. Vidonge vingi huandikwa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo uzi ulivyo mwembamba. Uzi wa kawaida wa poliesta mara nyingi ni namba 120. Ule mnene wa mishono ya pambo, kama wa kwenye jinzi, unaweza kuwa namba 30. Huo una uzito mara nne kwa kila mita, kwa hiyo bobini ileile itabeba karibu robo ya urefu uliouzoea. Kama mshono wako wa pambo ni wa uzi mnene, uweke juu tu, na chini utumie wa kawaida wa rangi inayofanana. Upande wa mbele hakuna atakayeona tofauti, ila utalazimika kurekebisha kidogo mkazo wa juu, ujaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Zigizaga nayo ni mlaji mkubwa. Mita moja ya zigizaga iliyobanana, yenye upana wa milimita 4, inaweza kumeza hata mita 10 za uzi wa chini. Anayepambia nguo za watoto kwa zigizaga ya namna hiyo asishangae bobini kuisha kabla ya chai.

Kuhusu skrubu, naomba usiiguse kwanza. Ushauri wa jirani yako una ukweli kidogo ndani yake, ndio unaoufanya uwe wa hatari. Ukikaza uzi wa chini, ni kweli utatumika kidogo zaidi, kwa sababu hautapanda tena ndani ya kitambaa. Utalala chini umenyooka kama kamba ya kuanikia, uzi wa juu ukishuka kuufuata. Mshono wa namna hiyo ukiuvuta ncha ya chini unachomoka wote. Kinyume chake, uzi wa chini ukilegea mno au wa juu ukikazwa mno, uzi wa chini huvutwa hadi juu na utaona vidoti vyake upande wa mbele. Hapo kweli unaliwa zaidi. Lakini rudi kwenye hesabu yetu: hata ukipanda unene wote wa kitambaa na kushuka, hatua ya milimita 3.5 inakuwa milimita 4.5, ongezeko lisilofika theluthi. Mkazo peke yake hauwezi kukupunguzia bobini kiasi unachoeleza. Ukiona vidoti juu, anza na mkazo wa juu, ambao umetengenezwa ili ugeuzwegeuzwe. Skrubu ya chini ni ya mwisho, na kabla ya kuigusa weka alama ya kalamu pale ilipo, halafu igeuze kidogo sana, hata robo ya mzunguko ni nyingi.

Sasa lile la pili, kuisha bila taarifa. Watu huniuliza kwa nini hawakuweka chini nako koni kubwa kama ya juu, yakaisha. Sababu iko kwenye jinsi mshono unavyofungwa. Sindano ikishuka na kuanza kupanda, uzi wa juu huacha kitanzi kidogo nyuma yake. Ndoano inayozunguka chini hukidaka kitanzi hicho, hukipanua, na kukivusha kuizunguka bobini nzima, kama unavyomvisha mtoto fulana. Kisha mkono wa kuvuta uzi hukirudisha juu, uzi wa chini ukiwa umeshanaswa ndani. Hili hufanyika kwa kila hatua moja. Bobini ikiwa kubwa, kitanzi lazima kiwe kikubwa, na uzi wa juu utasuguliwa kwenye tundu la sindano mara nyingi zaidi kabla ya kutulia kwenye mshono. Hata sasa kila kipande cha uzi wa juu hupita na kurudi kwenye tundu hilo mara makumi. Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1846, ikifungana kwa nyuzi mbili namna hii, na tangu hapo uzi wa chini umebaki kuwa wa kiasi. Kwa hiyo usijaribu kulazimisha bobini kubwa, wala ya kuazima kutoka cherehani nyingine, hata kama inaingia. Tofauti ya milimita moja tu inatosha kuharibu mvuto au kukwaruza kasha.

Uzi wa chini ukiisha, ndoano haijui. Inaendelea kudaka kitanzi na kukizungusha kwenye bobini tupu, na mkono unakirudisha juu kikiwa hakijashika kitu. Ndiyo maana cherehani haisimami wala kulalamika. Lakini dalili zipo, ukijizoesha. Uzi wa juu unaacha kuzama kwenye kitambaa. Badala ya vishimo vidogo vya mshono unaona mstari uliolala juu, mlegevu. Mlio nao hubadilika, unakuwa mwepesi. Kwenye cherehani nyingi bobini ikibaki na mizunguko michache inakuwa nyepesi na kugongagonga ndani ya kasha. Mimi huacha kushona nikisikia hivyo, hata kama uzi bado upo. Mita ya mwisho si uzi wa kuaminika kwa mshono unaoonekana: bobini nyepesi hurukaruka ikisimamishwa ghafla, na mvuto hauwi sawa na ule wa mwanzo.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: wewe ndiye unayechagua bobini iishie wapi. Kabla ya mshono wowote usioruhusu kuungwa, kama lile pambo la pazia, shingo ya nguo au zipu, toa bobini uitazame. Ukiwa na shaka, iweke kando na utie iliyojaa. Ile iliyobaki nusu itamalizikia kwenye mishono ya ndani, mifuko na mabega, mahali ambapo kuunga hakumdhuru mtu. Jaza bobini tatu au nne za rangi ya kazi kabla hujakaa. Hapo hata kishawishi cha kumalizia ile mizunguko kumi iliyobaki kinaondoka, maana kubadili ni nusu dakika. Nimeona mishono mingi ikiharibika kwa sababu ya uvivu wa kujaza bobini kuliko kwa ubovu wa cherehani.

Kama bado unaishiwa katikati, na itatokea, usiunge kwa kufunga fundo la uzi mpya kwenye ncha ya zamani. Fundo halipiti chini ya springi ya kasha. Mshono wa ndani ni rahisi: fumua uzi mlegevu hadi hatua ya mwisho iliyofungana, tia bobini mpya, shika ncha ya uzi wa juu, zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako mzunguko mmoja, uvute uzi wa chini utokeze juu. Kisha anzia sentimita 2 au 3 nyuma, juu ya mshono wa zamani, uendelee mbele.

Kovu la pazia lako, naamini, limetokana na kufanya hivyohivyo kwenye mshono wa pambo. Mistari miwili ikilaliana inaonekana, na ukirudi nyuma kufunga inaonekana zaidi. Kwenye mshono wa kuonekana njia nzuri kuliko zote ni kufumua hadi kwenye kona au pale mstari unapokatiza mshono mwingine, uanzie hapo. Kama kona iko mbali, fumua kiasi cha kupata ncha zenye urefu wa sentimita 10 hivi. Shusha sindano kwa mkono ndani ya tundu lilelile la hatua ya mwisho, ukiwa umeacha ncha mpya ndefu vilevile, ushone mbele bila kurudi nyuma hata hatua moja. Ukimaliza, zipitishe ncha zote nne upande wa nyuma kwa sindano ya mkono, fungasha za zamani na mpya pamoja, uzifiche ndani ya pindo. Inachukua dakika tano. Pazia lako bado linaokoka kwa njia hii. Fumua lile kovu, kwaruza matundu kwa ukucha huku na huku kufuata nyuzi za kitambaa, lipige pasi ya mvuke, na mengi yatajifunga. Kama ni hariri nyepesi, ngozi au kitambaa chenye tabaka la plastiki, matundu hayafutiki. Hapo unashona polepole kwa gurudumu la mkono ukiyafuata yaleyale ya mwanzo, sindano ikishuka moja baada ya nyingine.

Na cherehani yenye kutoa onyo? Ni kitu kizuri, sitakudanganya. Baadhi zina kihisio cha mwanga kinachoitazama bobini, nyingine hukadiria kwa kuhesabu hatua. Ya mwanga hudanganyika vumbi la uzi likiziba jicho lake. Ya kuhesabu inaamini kwamba ulianza na bobini iliyojaa sawasawa, na wewe kwa sasa hujazi sawasawa. Kwa anayedarizi kwa mashine saa nyingi ningesema nunua. Kwako wewe ningetumia fedha hiyo kununua bobini za ziada za aina sahihi ya cherehani yako, na kama kasha lako ni la kufunguka juu, zile za plastiki angavu, ilimradi kitabu cha cherehani kinaziruhusu. Utaona uzi uliobaki bila kutoa chochote. Wapo pia wanaohamia mashine ya mshono wa mnyororo, isiyotumia bobini kabisa. Ni ya kasi na haikatizi kazi, ila mshono wake ukikatika na ncha ikavutwa kwa upande wake hufumuka wote, na upande wa chini hauna sura ileile. Kwa mapazia ya kuonekana pande zote nisingekushauri.

Jaza bobini zako kwa kisahani, tupu kila mara, kwa wiki mbili. Kama baada ya hapo uzi bado unaisha kabla ya hesabu, au vidoti vya uzi wa chini haviondoki upande wa mbele hata ukilegeza mkazo wa juu, au uzi unachanika nyuzinyuzi, hapo mpelekee fundi anayekarabati cherehani akaione kwa macho. Ukisikia kishindo cha chuma kwa chuma usingoje wiki mbili. Acha kushona siku hiyohiyo, kwa sababu sindano inaweza kuwa inaigonga ndoano, na kila mzunguko unazidi kuiharibu. Atatazama ncha ya ndoano kama ina mikwaruzo, springi ya kasha kama uzi umeichimba mfereji, na mpangilio wa sindano na ndoano. Hivyo vyote si vya kurekebishiwa kwenye barua. Ukienda, beba kasha na bobini unazotumia, uzi uleule, na kitambaa kilekile chenye mshono mbovu ambao hujaufumua.